Nyamizi na Kidumu cha Dang'a

Ndama wa tatu alipokufa, mzee Ezekia hakupandisha sauti. Angefoka ingekuwa nafuu, maana mtu anayefoka humaliza ya moyoni akaenda kunywa chai. Yeye alisimama mlangoni mwa banda, kofia mkononi, akamtazama Nyamizi aliyekuwa amekipakata kichwa cha ndama mapajani, akasema taratibu, "Mama Mbuke, amebaki Tulia peke yake mwenye mimba. Ndama wake naye akifa, mimi na wewe tutaagana." Akavaa kofia, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa Mei. Kijiji chenyewe kiko juu ya Uyole, kwenye miinuko ile ambayo mtu anafunga koti hadi shingoni saa sita mchana, na watu wake ni wacha Mungu, wakulima wa viazi na wafugaji wa ng'ombe wawili watatu wa maziwa. Ni watu wema. Lakini watu wema nao wana midomo, na midomo ilishafanya kazi tangu ndama wa pili. Walisema yule mama wa Kisukuma ana mkono mzito, akigusa kichanga hakikui. Wenye adabu kidogo hawakutaja mkono, wao walisema tu kwamba dang'a haifiki kwa ndama, inaishia tumboni mwake. Dang'a ni yale maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, mazito, ya njano, yanayonata vidoleni. Kumwambia mtunza ndama kwamba anakunywa dang'a ni sawa na kumwambia mlezi kwamba anakula uji wa mtoto.

Na huyu waliyekuwa wakimsema hivyo alizaliwa katikati ya ng'ombe. Baba yake, Mwigulu, alishuka na mifugo kutoka Meatu hadi bonde la Usangu miaka ambayo nyasi za huko zilimfika mtu kiunoni. Nyamizi alijua kukamua kabla hajajua kusuka nywele. Aliolewa kwa ng'ombe, akazaa watoto kati ya ng'ombe, akaona ukame na kuhamahama vikiwamaliza ng'ombe wale mmoja mmoja, na mumewe akafuata. Alipofika miaka hamsini na mbili hakuwa na hata mbuzi. Binti yake mkubwa, Mbuke, alikuwa ameolewa Ubaruku kwenye mashamba ya mpunga. Nyamizi hakutaka kuwa mzigo kwa mkwe, akapanda milimani kutafuta kazi pekee aliyoijua.

Ila alikuta kazi imegeuzwa miguu juu. Kule Usangu hakuna mtu anayempa ndama dang'a. Ndama hujipa mwenyewe: anadondoka, anayumba, anainuka, anatafuta chuchu, mambo yamekwisha. Hapa kwa mzee Ezekia ndama akishatoka tu anatengwa na mama yake, anawekwa kwenye kizimba chake na kunyweshwa kwa chupa, kwa sababu semina moja iliwahi kusema ng'ombe wa kisasa akimzoea ndama atagoma kukamuliwa. Kukamua nako alikamua mzee mwenyewe. Hakuamini mkono wa mtu mwingine kwenye kiwele chake. Kazi ya Nyamizi ilikuwa ndama tu: matandiko, chupa, maji, kuhara. Mzee alimletea ndoo, yeye akanywesha.

Hakuuliza ndoo imetoka kwenye mkamuo wa ngapi. Baba yake alimfundisha kwamba maziwa ya mwenye mji hayaulizwi, na fundisho la baba halikwenda na ng'ombe. Aliona kweli kwamba dang'a ya hapa ni nyepesi kuliko ile aliyoizoea, akajiambia ndivyo walivyo hawa ng'ombe wa kizungu, maziwa mengi na maji mengi.

Kabla yule wa tatu hajakata roho, alikuja Jackline. Huyu ni mtaalamu wa mifugo wa kata, binti wa miaka ishirini na saba, mwenye pikipiki na mabuti makubwa kuliko miguu yake. Alimtoa ndama damu shingoni, akaituma kwa basi mpaka maabara Iringa, ndani ya boksi la barafu. Majibu yalirudi ndama akiwa ameshafukiwa.

"Huyu hakunywa dang'a," Jackline alisema, wamesimama bandani yeye, Nyamizi na mzee. "Au alikunywa tone."

"Nilimpa," Nyamizi akasema. "Chupa mbili zilizojaa. Kwa mkono wangu huu."

Jackline akaeleza. Katika kiwele cha ng'ombe, alisema, mna vimeng'enya, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyochapusha kazi za mwili. Kipo kimoja ambacho hujaa kwenye dang'a. Ndama anazaliwa nacho kidogo sana, kisha akinywa dang'a kinaingia kwenye damu yake pamoja na kinga ya mama. Kwa hiyo ukipima damu ya ndama ukakikuta kingi, alikunywa. Ukikikosa, hakunywa, hata mtu aape. "Hiki kipimo hakidanganyi sana, mama. Wamekijaribu hata kwa nyati."

"Nyati wa wapi wanaokamuliwa?" Nyamizi aliuliza. Nyati aliyemjua yeye ni yule wa mabondeni Usangu, aliyempandisha mjomba wake juu ya mti kutwa nzima.

"India huko. Wanafugwa kama ng'ombe."

Siku nyingine Nyamizi angecheka. Mzee Ezekia alikuwa akitazama kenchi za banda kana kwamba anazihesabu. Wazo lake lilionekana wazi: kipimo kimeongea, basi zile chupa mbili alikunywa nani.

Tulia alizaa Jumapili moja ya Novemba. Nyamizi alifika saa moja kasoro, akitokea chumba alichopanga ng'ambo ya korongo, akakuta ndama jike keshatoka, yuko kizimbani, manyoya yameanza kukauka. Mzee alikuwa amekesha na ng'ombe wake. Kwenye ubao wa mlango aliandika kwa chaki, kama kawaida yake: *Saa 10 alfajiri.* Yeye mwenyewe alikwisha kwenda kanisani, maana ni mzee wa kanisa na Jumapili humkuta mlangoni kabla ya kengele.

Nyamizi aliingia kwa Tulia kumpa pole ya uzazi, ndivyo alivyozoea. Akampapasa mgongo, akashuka ubavuni, akafika kwenye kiwele. Mkono ukasita. Kiwele cha ng'ombe aliyezaa alfajiri huwa kimejaa ndi, chuchu zimesimama. Hiki kilikuwa kimelegea. Mtu alishakikamua.

Akatazama huku na huku. Ndoo ilikuwa safi, imefunikwa. Lakini juu ya msumari kilining'inia kitambaa cha kuchujia, ambacho kila siku mzee hukifua mwenyewe na leo haraka ya ibada ilimshinda. Nyamizi akakigusa. Kilikuwa na utando wa njano, mzito kama kiini cha yai, ukanata vidoleni. Hii ndiyo dang'a aliyoijua tangu utoto. Tangu afike kwenye banda hili, mwaka wa pili sasa, hakuwahi kuiona.

Akatoka bandani karibu ya kukimbia, akamkuta mke wa mzee, Damari, barazani akichambua maharage. Damari hakwenda ibadani kwa sababu ya goti.

"Mama Ambokile, Tulia amekamuliwa?"

"Amekamuliwa. Baba Ambokile kamkamua kabla hajaondoka."

"Maziwa yako wapi?"

Damari aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe moja, akatupa la pili. "Hayo siyo ya kuuliza, mama."

"Nauliza kwa sababu ya ndama. Hajala kitu."

"Mchana utaletewa ya ndama, kama siku zote. Yale ya kwanza ni malimbuko."

Sasa mtu asiyewajua watu wa kule aelewe jambo hili. Cha kwanza ni cha Mungu. Debe la kwanza la viazi, mkungu wa kwanza, yai la kwanza la tetea, vyote hupelekwa kanisani, na ibada ikiisha hunadiwa pale uwanjani, fedha ikaingia kwenye mfuko wa kanisa. Wengi hutoa na kutazama pembeni kama wameonekana. Mzee Ezekia hakuwa wa hivyo. Yeye dang'a ya mkamuo wa kwanza ya kila uzao aliipeleka gizagiza, akaiacha nyuma ya ofisi ya mchungaji bila jina, akarudi mlangoni kupokea waumini. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka mingi, tangu enzi ambazo ndama bado walijinyonyea wenyewe yaliyobaki, na mkewe peke yake ndiye aliyejua.

"Na wale watatu?" Nyamizi akauliza.

"Nao vilevile. Kila uzao." Damari akainua macho, akaona uso wa mwenzake, mikono ikatulia juu ya ungo. "Kwani kuna ubaya gani? Si dang'a ni siku tatu? Ya kwanza ya Mungu, zilizobaki za ndama."

Nyamizi alikaa chini pale pale kwenye ngazi. Alikuwa na hasira ambayo hakuijua, hasira inayofanya masikio yavume, na chini yake hofu, maana jua lilikuwa linapanda. Akampigia Jackline.

"Mama, niko Igawilo kwenye chanjo, siwezi kufika kabla ya jioni," Jackline alisema. "Amezaliwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Sasa hivi saa mbili kasoro. Nisikilize. Mkamuo wa pili siyo sawa na wa kwanza, kinga inashuka karibu nusu. Na utumbo wa ndama una kama vilango vya kupitishia hiyo kinga, kila saa inayopita vinafungwa. Mpaka saa nne bado kuna matumaini. Ikifika mchana utakuwa unamnywesha maziwa ya kawaida tu. Kuna ng'ombe mwingine aliyezaa hapo karibu?"

"Hakuna."

"Basi yafuate hayo hayo. Na usiyachemshe. Ukiyachemsha umeua kila kitu."

Nyamizi alifunga kitenge vizuri, akaondoka na mabuti yake ya bandani. Kutoka pale hadi kanisani ni mlima mtupu, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye pumzi. Nyuma yake alimsikia Damari akiita jina lake, hakugeuka.

Alifika kwaya ikiimba wimbo wa kutokea. Akasubiri nje, jasho likimpoa mgongoni kwa ule upepo, akihesabu beti za wimbo ambao haukuwa na haraka yoyote. Watu wakatoka, wakasalimiana, wakajipanga uwanjani. Mnada ukaanza saa tatu na robo. Mnadi alikuwa Zabron, fundi cherehani, mtu wa maneno, anayeweza kukuuzia jogoo wako mwenyewe ukamshukuru. Aliuza viazi. Aliuza kuku. Aliuza boga moja mara tatu, kwa kuwa kila aliyelinunua alilirudisha sadaka, na watu wakapiga makofi huku Nyamizi akitamani kulipasua boga lile kwa meno. Kidumu cha lita tano, cha manjano, kilikuwa nyuma ya mguu wa meza.

Alipitia pembeni hadi kwa Ezekia, aliyesimama mikono nyuma. "Shikamoo baba. Naomba tuongee."

"Marahaba. Kuna nini? Ndama?"

"Mzima. Ila kile kidumu kirudi nyumbani. Daktari kasema ni kabla ya saa nne."

Uso wa mzee ulibadilika. Alitazama kushoto na kulia kuona nani amesikia. Siri yake ya miaka ilikuwa imetamkwa uwanjani na mwanamke mwenye mabuti yenye samadi. "Nani amekwambia habari ya kidumu?"

"Baba, saa zinakwenda."

"Kilichotolewa kimetolewa. Utapata ya mchana. Nenda nyumbani."

Zabron alikuwa amekwisha kuinua kidumu. "Dang'a hii, ndugu zangu, ukiipika inaganda kama yai, mtoto anasahau nyama. Nani anaanza?" Mama mmoja kwa nyuma akanyanyua kitambaa chake, mwingine akampandia.

Hapo Nyamizi alifanya jambo ambalo mpaka leo wengine wanalisimulia kama wizi. Alipita katikati ya watu, akafika mezani, akakishika kidumu kwenye mpini, juu ya mkono wa Zabron.

"Haya hayauzwi," alisema. "Mwenyewe hajanywa."

Zabron hakukiachia kidumu. Alijaribu, "Mama, hii ni mali ya Bwana."

"Sikatai. Lakini Bwana hana njaa leo asubuhi. Mwenye njaa ni ndama."

Vijana wawili wa kwaya wakasogea. Mzee Ezekia akainua kiganja, wakasimama. Alikuja mpaka mbele yake, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mama Mbuke, ukitoka na hicho, usirudi kwangu kesho."

Alikuwa na chumba cha kulipia na hakuwa na ng'ombe mwingine wa kumkimbilia katika milima yote ile. Alilijua hilo vizuri. Akakivuta kidumu kutoka mkononi mwa Zabron, akakifunika kwa kitenge, akaondoka.

Kushuka alikimbia pale palipokimbilika. Alipofika, saa tatu na dakika hamsini, alimkuta Damari amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa kizimba, goti na yote, na beseni la maji ya moto mbele yake. Nyamizi aliingiza kiwiko, akaongeza maji baridi, akaingiza tena, akakitumbukiza kidumu na kukikoroga mpaka baridi ya mlimani ilipotoka. Akajaza chupa ya chuchu.

Ndama hakunyonya. Alikuwa amelala ubavu, ulimi baridi. Nyamizi akamwinua kifua, akamkalisha katikati ya miguu yake, akamtia kidole mdomoni akimsugua kaakaa. Hakuna kitu. Akadondosha dang'a kidoleni, akarudia. Damari alikuwa akiomba kwa Kinyakyusa, mdomo ukicheza bila sauti. Akarudia tena. Mara ya nne au ya tano ulimi ukakunjika kidogo, ukakibana kidole, ukavuta. Nyamizi akachomoa kidole akapachika chuchu, na koo la ndama likapanda na kushuka.

Alikunywa chupa ya kwanza kwa dakika ishirini. Ya pili aliinyonya mwenyewe kichwa kikiwa juu. Mzee Ezekia alipoingia getini, Zabron na wazee wengine wawili nyuma yake, walisimama wote pale mlangoni na nguo zao za ibada, na kilichosikika ni mnyama akimeza tu.

Mzee hakumfukuza siku ile wala hakumbakiza. Alisema, "Tutaona damu." Jumanne Jackline akaja, akamtoa ndama damu, boksi la barafu likapanda basi kwenda Iringa. Siku zile Nyamizi alilala bandani na mfuko wake wa nguo ulikuwa umefungwa. Kila ndama alipokohoa aliamka. Jumatano ndama alihara, Nyamizi akajua basi, yameisha. Alhamisi akaacha kuhara. Ijumaa alimgonga kwa kichwa akidai chupa kabla ya wakati.

Jumamosi Jackline alirudi na karatasi. Hakuingia ndani ya nyumba, alikwenda moja kwa moja bandani walipokuwa wote watatu, akampa mzee.

"Kile kimeng'enya kimejaa kwenye damu yake. Ukilinganisha na yule wa Mei, huyu anacho zaidi ya mara ishirini. Huyu amekunywa."

Mzee alisoma. Akasoma tena, kidole kikifuata mstari. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu mzima wa miaka sitini na saba, karatasi ikiwa magotini.

"Kwa hiyo wale watatu," alisema, hakumalizia.

Jackline alitazama mabuti yake. Nyamizi alikuwa ametayarisha maneno ya kumjibu, siku sita nzima ameyanoa, na sasa yalipohitajika aliona hayana kazi.

"Niliwapa ulichoniletea, baba."

"Nilikuwa namtolea Mungu."

"Najua."

"Mama Mbuke, nimekukosea. Nimekusema mpaka kwa watu. Nisamehe."

"Wewe nimekusamehe," Nyamizi alisema. "Tangu Jumapili, ulipozuia wale vijana. Sina shida na wewe. Shida ni kwamba na mimi niliwaamini."

"Uliamini nini?"

Alifuta mikono kwenye kitenge, ingawa ilikuwa mikavu. "Kwamba nikigusa kichanga hakikui. Mbuke alijifungua Juni. Nilikwenda Ubaruku, nikakaa siku nne. Kila wakinipa mtoto nimpakate nasema nina mafua, nitamwambukiza. Mwanangu alilia. Anadhani simpendi mtoto wake kwa vile ni wa kike." Akavuta pumzi. "Ana miezi mitano sasa, baba. Sijamshika hata mara moja."